Herufi Tano

Mwaka ule theluji ilikataa kuondoka bonde la Swale.
Nilikuwa mwanagenzi, miaka kumi na mitano,
kazi yangu kufagia vumbi la mawe na kunoa patasi
za Jabez Thackray, mchonga makaburi,
kiziwi wa sikio la kushoto.

Winifred Metcalfe alisimama mlangoni, hakuingia.
Mumewe, msaga ngano, alikuwa na siku tisa ardhini.
"Andika jina lake," alisema, "na mwaka. Chini yake uandike:
ua la bonde hili."

Sasa, kwa Kiingereza chao ua hutamkwa flawa.
Unga wa ngano nao hutamkwa flawa.
Hakuna ulimi uwezao kuyatenga hayo mawili,
na msaga ngano ni msaga ngano.
Thackray akaitikia kwa kichwa.

Nilimwona akichora kwa chaki. Herufi tano.
Ua lina sita. Nilijua, nikanyamaza,
kwa kuwa wiki iliyotangulia nilimsahihisha tarehe
nikala kofi.

Jiwe liliposimikwa, kijiji kilicheka ndani ya kola za makoti.
"Unga wa bonde hili! Mbona hakuongeza na hamira?"
Kasisi alishika kichwa. Thackray alishika kofia,
akaapa kuchonga jingine bila malipo.

Alhamisi lilikuja gari la maktaba,
na Bi Iveson, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi,
akaifungua kamusi juu ya boneti, injini ikiwa bado ya moto.
"Hayo si maneno mawili," alisema.
"Ni neno moja lililonunuliwa koti la pili.
Lilizaliwa kwa Warumi, likakulia Ufaransa,
likavuka mlango wa bahari pamoja na wenye panga.
Wazee wetu waliita sehemu bora ya kitu ua lake:
ua la vijana wa mji,
ua la ngano, yaani kile cheupe kilichopita chekecheni
pumba zikabaki juu.
Kwa karne nyingi waliliandika walivyopenda.
Ni juzijuzi tu ndipo tahajia ilipoligawa,
huyu nenda bustanini, huyu nenda jikoni."

Niliingiwa na uchu. Nikauliza mengine:
jua na mwana wa kiume, yanayolia sauti moja?
"Hapana," akasema, "makasisi huyapenda pamoja,
ila hayakunyonya ziwa moja."
Na kaburi, na lile lingine la uzito,
ambayo hata kwa maandishi huwezi kuyatofautisha?
"Kaburi ni la wachimbaji wa kaskazini,
nalo ni ndugu wa patasi ya bwana wako.
Uzito ulitoka Roma, mgeni kabisa.
Walikutana njiani, wakafanana sura.
Sikio, kijana, ni shahidi anayehongeka."

Tukapanda wote makaburini, matope hadi kwenye vifundo.
Winifred alikuwa ametangulia.
Bi Iveson alimweleza tena, Warumi, chekeche, pumba,
sidhani kama alisikia hata nusu.

"Unga ulimlea," alisema.
"Unga ulitujengea jiko.
Unga ulimwingia mapafuni miaka thelathini,
na ndio uliomuua.
Liacheni."

Kisha akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi.
"Lile la bustani, hapa katikati lina nini?"
Nikasema: dabliu.
Yaani U mbili zilizoshikana, jina lake lenyewe linakiri.
Alipitisha kidole ndani ya U ya Thackray,
chini, kisha juu, ukingo hadi ukingo.
"Ndiyo," akasema. "Imebaki moja."

Njiani kurudi hakuna aliyesema neno.
Penye daraja Thackray alisimama, akavua kofia,
akanigeuzia sikio lake zima.
"Wewe ulijua," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Nilimwonyesha shavu.